Barakoa ya hewa huokoa mgonjwa wa mapafu akifikishwa mapema

KWA mgonjwa wa mapafu aishiye Garsen, safari ya kwenda hospitali kubwa ni ndefu. Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, iko kaskazini kando ya Mto Tana. Malindi iko kusini, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Mvua ikizidi, njia nayo huweza kufungwa, kama ilivyotokea Novemba 2023 mafuriko yalipokata barabara ya Garsen kwenda Lamu katika eneo la Lango la Simba.

Umbali huo ni hatari hasa kwa wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa mapafuni. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 3.5 ulimwenguni mwaka 2021. Husababishwa na sigara, lakini pia moshi wa kuni. Kwa hivyo, mama aliyepika kwa mafiga matatu kwa miaka mingi anaweza kuugua ingawa hajawahi kuvuta sigara.

Mafua au moshi mwingi huweza kuuchochea ugonjwa huo ghafla. Misuli ya kupumua huchoka, hewa chafu ya kaboni dayoksaidi hurundikana mwilini na damu huwa na asidi kupita kiasi. Mgonjwa huanza kusinzia na kuchanganyikiwa; asiposaidiwa huweza kufa.

Tiba inayomfaa mgonjwa wa namna hii ni mashine ya kusaidia kupumua kwa barakoa. Barakoa hufungwa barabara puani na mdomoni, kisha mashine husukuma hewa kwa nguvu zaidi anapovuta pumzi na kwa nguvu kidogo anapoitoa. Misuli hupumzika na hewa chafu hutoka. Hapana haja ya kumlaza usingizi wala kumpitisha mpira kooni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulihusisha wagonjwa 236 katika hospitali 14 za Uingereza. Miongoni mwa waliopata matibabu ya kawaida pekee, asilimia 20 walifariki. Kwa waliowekewa barakoa, ni asilimia 10. Kazi hiyo ilifanywa na wauguzi katika wodi za kawaida. Hata hivyo, waliofika hali yao ikiwa mbaya mno hawakunufaika kiasi hicho.

Mashine hii haimfai mgonjwa aliyeacha kupumua, anayetapika mfululizo au aliyeumia vibaya usoni. Aliyewekewa hupaswa kupimwa damu tena baada ya saa moja au mbili. Asipopata nafuu, huenda akahitaji mpira wa kooni katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Pasipo na mashine, bado yapo ya kufanywa kabla ya safari. Mgonjwa hupewa dawa ya kuvuta ya kupanua njia za hewa na vidonge vya predinisoloni, pamoja na viuavijasumu ikiwa makohozi yamegeuka usaha. Oksijeni nayo hupimwa. Ikizidi, huweza kuongeza hewa chafu mwilini na kumdhuru. Kiwango kinachofaa, kwa kifaa kinachobanwa kidoleni, ni asilimia 88 hadi 92.

Jamaa wa mgonjwa wasingoje midomo ibadilike rangi. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, akilazimika kulala ameketi, au akianza kusinzia mchana, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kabla gari halijaondoka, mhudumu apige simu kuuliza kama hospitali inayokusudiwa ina mashine na mtu wa kuiendesha. Simu hiyo huweza kumwepusha mgonjwa na safari ya pili ambayo pengine hataiweza.