Uholanzi na Mashine za Kutengeneza Chipu: Matunda ya Utafiti wa Miaka Mingi

Uholanzi haihesabiwi miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa chipu, lakini viwanda vya Taiwan, Korea Kusini na Marekani haviwezi kutengeneza chipu za kisasa zaidi bila mashine zinazotoka nchini humo. Mashine hizo za litografia hutengenezwa na kampuni ya ASML, yenye makao makuu katika mji wa Veldhoven, karibu na Eindhoven.

Mizizi ya sekta hiyo ni maabara ya utafiti ya kampuni ya Philips, iliyoanzishwa Eindhoven mwaka 1914. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Philips walianza kubuni mashine ya kuchapa michoro ya saketi juu ya visahani vya silikoni. Mwaka 1984, Philips iliungana na ASM International, kampuni iliyoasisiwa na Arthur del Prado, kuunda ASML. Kampuni hiyo changa ilikabiliana na washindani wakubwa wa Japani, Nikon na Canon, na mwaka 1995 iliingia katika soko la hisa.

Kazi ya mashine ya litografia ni kupeleka mwanga wenye mchoro wa saketi kwenye kisahani kilichopakwa kemikali inayobadilika inapoguswa na mwanga. Kadiri wimbi la mwanga linavyokuwa fupi, ndivyo mistari inavyoweza kuwa myembamba na chipu kubeba saketi nyingi zaidi. Mashine za kizazi kilichotangulia hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, ilhali zile za urujuanimno uliokithiri hutumia nanomita 13.5. ASML ndiyo kampuni pekee duniani inayouza mashine za aina hiyo ya pili.

Mwanga huo hupatikana kwa kupiga kwa leza matone madogo ya bati iliyoyeyushwa, takriban matone 50,000 kila sekunde. Kwa kuwa hewa na lenzi za kioo huufyonza, kazi yote hufanyika ndani ya ombwe, na mwanga huongozwa na vioo vya kuakisi vilivyosuguliwa kwa usahihi wa hali ya juu.

Hakuna kampuni moja inayoweza kumudu kazi hiyo peke yake. Vioo hutoka Zeiss na leza hutoka Trumpf, zote za Ujerumani, na teknolojia ya chanzo cha mwanga iliendelezwa na Cymer ya Marekani, iliyonunuliwa na ASML mwaka 2013. Mwaka 2012, wateja watatu wakubwa, Intel, TSMC na Samsung, walinunua hisa za ASML na kuchangia gharama za utafiti.

Aidha, vyuo vikuu vya teknolojia vya Eindhoven, Delft na Twente huandaa wahandisi na kufanya utafiti wa msingi. Mwaka 2014, kituo cha utafiti wa nanolitografia, ARCNL, kilianzishwa Amsterdam kwa ushirikiano wa ASML, vyuo vikuu viwili vya jiji hilo na taasisi ya taifa ya kugharimia sayansi.

Sekta hiyo haiishii kwenye litografia. ASM International, yenye makao yake Almere, ina nguvu katika mashine za kutandaza tabaka jembamba la atomi moja baada ya nyingine, na BESI ya Duiven hutengeneza mashine za kuunganisha na kufungasha chipu.

Hata hivyo, mafanikio hayo yameleta changamoto. Uhaba wa nyumba, wataalamu na umeme katika eneo la Eindhoven ulizua hofu kwamba ASML ingepeleka upanuzi wake nje ya nchi. Mwezi Machi 2024, Serikali ilitangaza mpango wa euro bilioni 2.5 kwa ajili ya elimu, makazi, usafiri na gridi ya umeme. Vilevile, mashine hizo zimekuwa suala la usalama: tangu Septemba 2023, baadhi ya mashine za kizazi kilichotangulia zinahitaji kibali cha Serikali kabla ya kuuzwa nje, hatua iliyoigusa zaidi China.

Mashine za majaribio za urujuanimno uliokithiri zilipelekwa kwa watafiti mwaka 2006, lakini uzalishaji wa chipu kwa wingi ulianza mwaka 2019. Muda huo unaonesha kuwa nafasi ya Uholanzi leo imejengwa na subira ya wawekezaji, Serikali na wanasayansi waliogharimia utafiti kabla matunda yake hayajaonekana.