Gitare ya besi ikilia kama nyuki baada ya kubadilisha nyuzi

Katika makanisa yetu mengi nyuzi za gitare ya besi hubadilishwa mara chache, kwa sababu ni za bei kali. Siku mpya zinapopatikana kwaya inafurahi; lakini uzi ukipigwa, badala ya sauti nzito unasikika mlio wa nyuki. Wengine husema gitare imekufa, wengine huchukua tupa na kuanza kukwangua chuma. Tunawaomba msikimbilie tupa. Mara nyingi gitare ni nzima, ila shingo imesogea.

Sababu

Nyuzi nne huivuta shingo mbele, na fimbo ya chuma iliyo ndani yake huivuta nyuma. Nyuzi mpya zikiwa nyembamba kuliko za zamani, zinavuta kidogo. Fimbo inashinda, shingo inanyooka kupita kiasi, na uzi unagusa freti, yaani vijiti vya chuma vya shingoni.

Kabla ya kugusa skrubu

Kazeni nyuzi mpaka Mi, La, Re na Sol ziwe sahihi. Uzi uliolegea hulia hata kwenye gitare nzuri. Kisha sikilizeni bila ampli, halafu kwa ampli. Ngurumo inayotoka wakati hakuna anayepiga ni ya umeme, si ya nyuzi. Mlio mdogo ambao hauingii katika ampli unaweza kuachwa.

Mlio uko wapi?

1. *Uzi usipobonyezwa tu.* Tazameni kipande chenye mifereji, pale shingo inapokutana na kichwa. Huenda uzi mnene haujaingia vizuri katika mfereji wake, au umezungushwa mara moja tu kwenye kikazio. Uzungushwe mara 2 au 3, kila mzunguko ukishuka chini ya uliotangulia.

2. *Freti ya 1 mpaka ya 5.* Ni shingo. Bonyezeni uzi kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa wakati mmoja, mtazame nafasi iliyo juu ya freti ya 8. Inatosha kama 0,3 mm, unene wa kadi nyembamba. Kama hakuna nafasi, legezeni fimbo robo ya mzunguko, kazeni nyuzi upya, mpime tena. Ikikataa kuzunguka msilazimishe: fimbo ikikatika, shingo yote imepotea.

3. *Freti za karibu na mwili.* Inueni kidogo kidogo kile kidaraja kinachobeba uzi huo.

4. *Freti moja peke yake.* Hiyo imelika, au inayofuata imeinuka. Hapa ndipo fundi aitwe.

5. *Kila mahali.* Tafuteni skrubu au nati iliyolegea. Huenda mlio hauko kwenye shingo.

Kwa siku zijazo

Mbao hazisogei mara moja. Kazi ikifanyika Jumamosi jioni, shingo inaweza kubadilika tena Jumapili asubuhi. Afadhali ifanywe mapema katika juma. Badilisheni uzi mmoja mmoja, shingo isilegee ghafula. Na namba zilizo kwenye pakiti, kwa mfano 45 mpaka 105, ziandikwe katika daftari la kwaya. Atakayetumwa mjini safari ijayo anunue unene uleule, na sadaka ya kwaya haitatumika mara mbili.