Nani Kasema Jikoni Hakuna Uhandisi?



Juma lililopita nilihudhuria kikao cha ukoo. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika ualimu wa sayansi ya familia na mlaji, fani ambayo wengi wetu tuliijua shuleni kwa jina la sayansi kimu. Ada imekwisha kupata mfadhili. Kilichobaki ni nauli na fedha za kuanzia maisha. Miaka miwili iliyopita, kaka yake alipopata nafasi ya uzamili wa uhandisi, ukoo ulichinja mbuzi na mchango ukatimia kabla wali haujaiva. Safari hii baba yao, yaani shemeji yangu, alikohoa kidogo, kisha akauliza: "Hivi kusonga ugali nako kuna uzamili?"

Watu waliangua kicheko. Nami, mpenzi msikilizaji, nilicheka. Binti akaniangalia mara moja tu, akasema, "Hata wewe, Mjomba?" Halafu akaanza kukusanya vikombe vya chai.

Maneno yale yamenikosesha usingizi. Mimi si mhandisi wala si mtaalamu wa lishe. Nina stashahada yangu ya uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza na kusoma. Basi nikauliza na kusoma: fani hizi mbili, ya mitambo na ya nyumba, ziliingiaje vyuo vikuu? Nilichokikuta ni kwamba hizi ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja akavishwa joho, mwingine akavishwa aproni, tukasahau kuwa mama yao ni mmoja.

Turudi Marekani, mwaka 1862. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimepamba moto. Tarehe 2 Julai, Rais Abraham Lincoln akatia saini sheria iliyopendekezwa na Justin Morrill, mbunge wa Vermont. Kila jimbo lingepewa ekari 30,000 za ardhi ya serikali kuu kwa kila mbunge na kila seneta wake, ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa imechukuliwa kwa wenyeji wa asili. Ardhi hiyo iuzwe, na fedha zake zisimamishe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi wa mitambo. Kabla ya hapo, elimu ya juu kwa wengi ilikuwa Kilatini na Kigiriki. Sasa mtoto wa mkulima angeweza kusomea udongo, mashine na madaraja.

Na binti wa mkulima je? Vyuo vya Iowa, Kansas na Illinois vilianza katika miaka ya 1870 kuwafundisha wasichana uchumi wa nyumbani. Kumbe basi, chini ya paa la sheria moja, kijana alijifunza jinsi mvuke unavyosukuma injini na dada yake akajifunza jinsi joto linavyoivisha chakula. Sayansi ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni heshima.

Nani aliziona fani hizi kuwa kitu kimoja? Hapo ndipo ninapokutana na mama mmoja aitwaye Ellen Swallow. Alizaliwa mwaka 1842 katika kijiji cha Dunstable, Massachusetts. Alisoma Chuo cha Vassar, kisha mwishoni mwa mwaka 1870 akakubaliwa katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kule Boston, mwanamke wa kwanza kuingia humo. Hakutozwa ada. Yeye alidhani ni huruma kwa kuwa hakuwa na uwezo. Baadaye akatambua kwamba ilikuwa njia ya wakubwa kuweza kusema, wakiulizwa, kwamba huyu si mwanafunzi wetu. Akasema laiti angalijua, asingalikubali.

Mle maabara alifuta vumbi mezani na kuwashonea walimu vilivyochanika. Aliandika katika barua kwamba hazidharau kazi za kike, na kwamba huenda hilo ndilo lililomfungulia mlango. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka vikombe vya chai vya mpwa wangu, nikaona haya.

Mwaka 1873 alipata shahada ya kwanza ya sayansi pale Boston, na mwaka huo huo Vassar wakampa ya uzamili. Aliendelea na masomo ya juu, lakini shahada ya uzamivu chuo hakikumpa kamwe. Alikuja kutunukiwa udaktari wa heshima na Chuo cha Smith mwaka 1910, miezi michache kabla ya kufariki dunia mwezi Machi 1911.

Sasa sikiliza kazi aliyoifanya. Kuanzia mwaka 1884 alikuwa mwalimu wa kemia ya usafi katika chuo kile kile. Bodi ya afya ya jimbo ilipotaka kujua hali ya maji ya Massachusetts kuanzia mwaka 1887, ni maabara yake iliyopima maelfu kwa maelfu ya chupa za maji ya mito, visima na mabomba. Chuo kilipoanzisha mafunzo ya uhandisi wa maji safi na maji taka, Ellen, ambaye wakati huo alikuwa mke wa Robert Richards, profesa wa uhandisi wa migodi, alikuwa miongoni mwa walimu wake. Wahandisi waliokwenda kujenga mitambo ya maji mijini walipita mikononi mwake.

Mama huyo huyo, mwaka 1899, aliongoza mkutano wa Lake Placid, New York, ambamo watu wachache walikaa na kuipa fani ya nyumba jina na mtaala. Walikutana mara kumi, na mwaka 1908 wakaunda chama cha kitaifa cha uchumi wa nyumbani, yeye akiwa rais wa kwanza. Kwake hayakuwa mambo mawili. Maji yanayopita kwenye bomba ni ya mhandisi, lakini yakifika kwenye kikombe cha mtoto ni ya mama. Ni maji yale yale, na mdudu wa kipindupindu hajui mpaka.

Kulikoni basi ndugu hawa wakatengana? Sababu moja ni fedha, na zilikuja kwa nia njema. Mwaka 1917 Marekani ilitunga sheria ya Smith-Hughes, iliyotoa fedha za serikali kuu kulipia walimu wa kilimo, wa ufundi na wa uchumi wa nyumbani, pamoja na kuwaandaa walimu hao. Vyuo vikapanua kozi za ualimu, na wanawake wengi wakapata mshahara na heshima ya darasani. Lakini mlango huo huo ukawa zizi. Msichana aliyekuja na kichwa kizuri cha kemia au fizikia alielekezwa huko hata kama moyo wake ulikuwa kwenye madaraja. Tusifiche ukweli: dharau ya shemeji yangu ina mizizi, kwa sababu fani hii iliwahi kutumiwa kuwaweka wanawake pembeni.

Hata hivyo, wapo waliokataa zizi kutoka ndani ya zizi lenyewe. Mwaka 1929, chuo cha jimbo la Iowa kilianzisha idara ya vifaa vya nyumbani ndani ya kitengo cha uchumi wa nyumbani. Wasichana walifungua mashine za kufulia na majokofu, wakapima umeme na joto, wakachora nyaya. Idara hiyo ilifika hadi kutoa shahada ya uzamili. Ukiwaona na bisibisi mkononi ungesema hawa ni wahandisi. Cheti chao hakikusema hivyo.

Na yuko Lillian Gilbreth, mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Brown tangu mwaka 1915. Yeye na mumewe Frank walipima mwendo wa wafanyakazi viwandani. Frank alipofariki ghafla mwaka 1924, akimwachia watoto 11, wenye viwanda wakaacha kumpa kazi mjane. Akafanya nini? Akahamishia uhandisi jikoni. Alihesabu hatua anazotembea mpishi kutoka kwenye sinki hadi kwenye jiko, akawahoji akina mama juu ya kimo cha meza, akazipanga upya jiko nzima ili mgongo upumue. Upishi wenyewe haukuwa fani yake. Kipimo ndicho kilichokuwa fani yake. Mwaka 1935 Chuo Kikuu cha Purdue kilimfanya profesa katika shule yake ya uhandisi, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika akademia ya taifa ya uhandisi ya Marekani. Njia ya kufika huko ilipita jikoni.

Chama kile cha mwaka 1908 kilibadili jina mwaka 1994, kikajiita cha sayansi ya familia na mlaji. Hilo ndilo jina lililomchekesha shemeji yangu.

Labda utasema, hayo ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Tazama jiko la mkaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu nchini Kenya walichukua wazo la jiko la udongo kutoka Thailand, wakalioanisha na jiko la bati la mafundi wa jua kali wa Nairobi. Majiko ya awali yalikuwa na kasoro, na akina mama waliyoyapikia ndio waliozisema. Umbo likarekebishwa, likapatikana lile jiko lenye kiuno chembamba na kauri ndani, linalokula mkaa kidogo. Mhandisi bila mpishi angalibaki na mchoro. Mpishi bila mhandisi angalibaki na moshi.

Kwa hiyo, kijana wetu atakaporudi na uzamili wake wa uhandisi, atajua kuleta maji mpaka kwenye ukuta wa nyumba. Dada yake atakuwa amewaandaa walimu watakaofundisha maelfu ya watoto nini cha kufanya na maji hayo yakishafika: kuyachemsha, kuyatunza, kusoma lebo ya dawa, kukataa bidhaa iliyooza. Nani kati yao ataokoa maisha mengi zaidi? Mimi sijui namna ya kuwagawanya.

Shemeji, najua hukosi kipindi hiki. Kicheko cha juzi na mimi nilishiriki, na leo nakirejesha mbele ya wasikilizaji wote. Kwenye daftari la mchango niandikie nusu ya nauli. Nusu iliyobaki ni yako.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.