Chokaa ya Malindi na Jarida la Uhandisi: Historia ya Maarifa ya Ujenzi Mjini Zanzibar

Mtaa wa Malindi, katika upande wa kaskazini wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, una miundo miwili iliyo karibu sana kwa mahali na iliyo mbali sana kwa asili. Wa kwanza ni gati la bandari, lililojengwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza katika miaka ya 1920. Wa pili ni Zahanati ya Zamani ya barabara ya Mizingani, ambayo Tharia Topan aliiwekea jiwe la msingi mwaka 1887 na ambayo ilikamilika mwaka 1894. Gati ni kazi ya wahandisi wa michoro na hesabu. Zahanati, pamoja na nakshi zake za mbao, ni kazi ya mafundi wa mawe ya matumbawe na chokaa. Insha hii inajadili kwa nini maarifa ya kundi la kwanza yalikuwa na njia ya wazi ya kuingia katika majarida ya uhandisi ujenzi yanayohakikiwa na wataalamu wenza, ilhali maarifa ya kundi la pili yalibaki nje ya mlango. Hoja yake ni kwamba tatizo halikuwa upungufu wa maarifa ya mafundi. Tatizo lilikuwa vipimo, kwa kuwa vigezo ambavyo jarida la uhandisi lilivizoea vilizaliwa pamoja na saruji.

Maarifa ya chokaa katika mwambao yalikuwa ya vitendo na yalirithishwa kwa mkono. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya lundo la magogo na kuchomwa hadi yakapoteza hewa ya ukaa. Baadaye yalimwagiwa maji yakapasuka kuwa unga, kisha unga huo ukachanganywa na mchanga na udongo. Kuta zilijengwa nene, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Mwanagenzi alijifunza uwiano wa mchanganyiko kwa kuutazama, kuugusa na kusahihishwa na fundi wake. Uhakiki ulikuwapo, lakini mhakiki alikuwa fundi mkuu, na baada yake mvua za masika.

Jarida la kitaaluma lilikua katika mazingira mengine. Jumuiya ya Kifalme ya London ilianza kutoa jarida lake mwaka 1665, na katika miaka ya 1830 ikaanza kuomba maoni ya maandishi ya wahakiki kabla ya kuchapisha. Taasisi ya Wahandisi Ujenzi ya London, iliyoundwa mwaka 1818, ilikuwa na utaratibu wake: makala ilisomwa mbele ya wanachama, ikajadiliwa, na majadiliano hayo yakachapwa pamoja nayo. Licha ya tofauti zake, taratibu hizi zilikuwa na sharti moja. Mtu asiyekuwapo kazini aliweza kuelewa kilichofanyika, kukipinga au kukirudia mahali pengine. Sharti hilo lilihitaji namba.

Namba zilizokubalika zilitokana kwa kiasi kikubwa na saruji, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza mwaka 1824. Katika upimaji wa saruji na zege, siku 28 zikawa umri wa kawaida wa kupimia nguvu. Kwa chokaa umri huo ni mdogo mno, maana huendelea kukomaa polepole kwa kunyonya hewa ya ukaa kwa miezi na hata miaka. Chokaa ikipimwa kwa kalenda ya saruji huonekana dhaifu, ingawa kuta ilizoziunganisha zimedumu zaidi ya karne moja. Kwa hiyo kipimo kilichodhaniwa kutoegemea upande wowote kilikuwa tayari kimetoa hukumu.

Kwa Zanzibar, mwaka 1966 unaonyesha vizuri mgawanyiko huu. Mwaka huo kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza uzalishaji. Mwaka huohuo ndipo Peter Garlake alipochapisha kitabu chake kuhusu usanifu wa kale wa Kiislamu wa mwambao, na jarida la *Azania* likatoa juzuu lake la kwanza. Majengo ya matumbawe yakapata makao katika akiolojia, ambayo hupima umbo na umri, huku uhandisi ukishughulikia nguvu za saruji. Chokaa ikaanguka katikati. Wakati huo, baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa zimechukuliwa na serikali, na matengenezo yake yakazorota. Zilipotengenezwa kwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi vilizuiwa kutoka ukutani, na jiwe likaanza kumomonyoka nyuma ya uso ulioonekana imara.

Juhudi za uhifadhi zilizaa maandishi mengi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifanya tathmini ya mji mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ikaanzishwa mwaka 1985, na katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukaikarabati Zahanati ya Zamani na kuandaa mpango wa mji. Inaweza kudaiwa kwamba ripoti hizo zilitosha, kwa kuwa ziliokoa majengo. Dai hilo lina uzito, lakini ripoti huandikiwa mfadhili au serikali, na hakuna anayewajibika kuijibu. Makala ya jarida huandikiwa mpinzani. Ripoti husema kazi ilifanyika, ilhali makala hulazimika kuonyesha kwa nini ilifaulu na ingeshindwa katika hali gani.

Tofauti hiyo si ya kinadharia tu. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Jengo hilo liliunganisha matumbawe, chokaa, chuma na zege, yaani nyenzo zinazozeeka kwa kasi tofauti. Kuyakarabati majengo ya namna hiyo kunahitaji data ambazo wengi wamezipima na kuzibishania kabla kiunzi hakijasimamishwa.

Historia ya Malindi inaonyesha kwamba jarida linalohakikiwa si ghala lisiloegemea upande, wala si adui wa fundi. Ni baraza lenye masharti, na masharti hayo yana asili yake. Makala inayoeleza jiwe limetoka wapi, limechomwa kwa muda gani, uwiano wa mchanganyiko, na nguvu ya chokaa katika siku 28 na tena baada ya mwaka mzima, huifanya kazi ya fundi ihojiwe kwa haki. Bila maandishi ya aina hiyo, fundi mzee anapofariki ukuta hubaki, lakini sababu ya kusimama kwake huzikwa pamoja naye.