Kanuni Inayokataa Itaje na la Kufanya

Ibn Abi Hatim wa Rayy, aliyefariki mwaka 938, aliandika kitabu kikubwa cha kuwapima wapokezi wa Hadithi. Katika utangulizi alizipanga sifa zao daraja kwa daraja, na kila daraja akaiambatanisha na hukumu yake. Mpokezi aliyesemwa ni madhubuti, Hadithi yake hufanywa hoja. Aliyesemwa ni mkweli tu, yake huandikwa kisha ikachunguzwa. Aliyesemwa ni mwongo, yake huachwa, haiandikwi. Msomaji aliyekuja karne nyingi baadaye, asiye na wa kumuuliza, alijua afanye nini kila alipokutana na alama.

Sijaona kipimo bora kuliko hicho cha kupimia maelezo ya kanuni tunazohakikia takwimu leo, hasa sasa ambapo msomaji wa maelezo hayo anaanza kuwa wakala wa akili unde.

Twende Singida. Zahanati za Mkalama, Iramba au Itigi, kama zahanati nyingine nchini, hufanya kazi na MTUHA, mfumo wa taarifa za afya ulioenezwa miaka ya 1990. Muuguzi huandika kila mteja kwenye rejesta, mwisho wa mwezi hujumlisha, na jumla hizo huingizwa kwenye DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo ambayo Tanzania ilianza kuitumia nchi nzima mwaka 2013. Ndani ya DHIS2 msimamizi hutunga kanuni za uhakiki. Kila kanuni ina upande wa kushoto, alama ya ulinganisho na upande wa kulia. Hupewa uzito wa juu, wa kati au wa chini. Ina nafasi ya maelezo, na nafasi nyingine ya maelekezo atakayoonyeshwa mtumiaji kanuni ikivunjwa. Nafasi hizo mbili za mwisho zinaweza kubaki tupu na kanuni ikafanya kazi vilevile.

Tuchukue kanuni ya mfano: wajawazito waliopimwa VVU wasizidi waliohudhuria kliniki mara ya kwanza mwezi huo. Ukiitazama haina shaka. Sasa tuseme zahanati moja kwenye barabara ya Itigi kwenda Rungwa iliishiwa vitendanishi mwezi Machi. Baadhi ya walioanza kliniki Machi wakapimwa Aprili, pamoja na wa Aprili wenyewe. Ripoti inasema 44 wa hudhurio la kwanza, 47 waliopimwa. Skrini inatoa ujumbe: kanuni imevunjwa, 47 ni zaidi ya 44. Mratibu wa MTUHA wa wilaya aliyeizoea kazi hagusi tarakimu. Anapiga simu, anaelezwa habari ya vitendanishi, anaandika sababu na kuiacha ripoti kama ilivyo. Ujuzi huo haumo kwenye kanuni. Umo kichwani mwake na kwenye namba zilizo katika simu yake.

Wakala wa akili unde hana uzoefu huo wala namba hizo. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya wazi iitwayo Model Context Protocol, ambayo kwayo zana hujitambulisha kwa modeli kwa jina, maelezo na umbo la taarifa inazopokea. Modeli huamua itumie zana gani, na vipi, kwa kuyasoma hayo. Tuseme kanuni yetu imefikishwa kwake kama zana. Maelezo yakisema tu kwamba zana hiyo hukagua makosa ya ripoti, na wakala ametumwa ahakikishe ripoti haina makosa, njia fupi iko wazi: 47 ishushwe iwe 44. Ripoti itapita. Kina mama watatu watakuwa wamefutwa, na pamoja nao ushahidi kwamba zahanati ilikosa vitendanishi.

Ningetaka kanuni hiyo iandikwe hivi: "Hulinganisha hesabu mbili za mwezi mmoja. Inaweza kuvunjwa bila kosa lolote ikiwa upimaji wa mwezi uliotangulia uliahirishwa. Ikivunjwa, usibadilishe tarakimu. Angalia ripoti ya mwezi uliotangulia, kisha omba kituo kirejee rejesta. Mwenye ruhusa ya kurekebisha ni kituo chenyewe." Sentensi tano tu, na alama imepata hukumu yake.

Linalonisumbua zaidi ni kisanduku kitupu. Zahanati ambayo hakuna mama aliyejifungulia mwezi mzima na zahanati iliyosahau kujaza zinaweza kuonekana sawa, kwa kuwa DHIS2 haihifadhi sifuri mpaka iamriwe hivyo kwa kipengele husika. Kanuni nayo hupangiwa la kufanya thamani ikikosekana: irukwe ikikosekana hata moja, irukwe zikikosekana zote, au isirukwe kamwe. Uchaguzi huo hubadili kabisa maana ya jibu "hakuna makosa". Wakala akipewa jibu hilo bila kuambiwa ni kanuni ngapi zilirukwa, ataiarifu wilaya kuwa ripoti ni safi ilhali haikukaguliwa. Wanachuoni wa Hadithi walilijua jambo hili. Mpokezi asiyejulikana hali yake walimpa daraja yake mbali, na wengi wao hawakumhesabu mwaminifu eti kwa sababu hakuna aliyemsema vibaya. Ibn Hibban, aliyefariki mwaka 965, alilegeza hapo, na wenzake wa baadaye wakamkosoa.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Wale walipima watu, ukweli wao na kumbukumbu zao. Kanuni ya MTUHA isimpime muuguzi. Muuguzi anayeogopa alama nyekundu atazilazimisha hesabu zikubaliane, na wakala aliyeagizwa aziondoe alama zote atafanya lilelile, kwa kasi, wilaya nzima. Ndiyo maana sababu zinazokubalika zitangulie katika maelezo, kabla ya neno "kosa" kutajwa.

Wa kuyaandika maelezo hayo wapo: waratibu wa MTUHA na wauguzi wanaoyajua mambo ya kliniki zao. Wakae pamoja, kanuni kwa kanuni, waandike kwa Kiswahili wanachokijibu kila siku kwenye simu. Na hadi kazi hiyo ikamilike, wakala apewe ruhusa ya kusoma takwimu, si ya kuziandika.