Asili ya Sheria Inayotutia Hofu



Kila tunapokutana, iwe harusini au matangani, halikosi gumzo la watoto wetu na sheria za Marekani. Hivi karibuni mama mmoja alitusimulia, machozi yakimlengalenga, kwamba bintiye wa miaka 15 amemwambia: "Nitakwenda kortini, niwe huru nanyi." Tangu siku hiyo mama wa watu haulizi tena binti anarudi wapi usiku. Nikaona heri tuijue sheria hiyo ilikotoka.

Chanzo chake ni Roma ya kale. Huko baba alikuwa na mamlaka juu ya mwanawe maisha yote, hata mwana awe na mvi na wajukuu. Sheria za karne ya 5 kabla ya Kristo zilisema kwamba baba akimwuza mwanawe mara tatu, mwana ametoka mikononi mwake. Baadaye kanuni hiyo ikageuzwa kuwa mlango: baba alimwuza mwanawe mara tatu kwa rafiki, kwa jina tu, na mwana akawa huru. Kutokana na neno la Kilatini la tendo hilo, Wamarekani walipata neno walilotumia mwaka 1863 Rais Lincoln alipotangaza uhuru wa watumwa. Tuzingatie lakini: aliyefungua mlango alikuwa baba, si mwana.

Marekani ilirithi sheria za Uingereza. Kijana alikuwa chini ya baba hadi miaka 21, na ujira wake ulikuwa mali ya baba. Katika karne ya 19, baba aliyetaka kumwachia kijana wake alitangaza gazetini: tangu leo sidai mshahara wake wala silipi madeni yake. Haki na mzigo viliondoka pamoja.

Mwaka 1938 nchi nzima iliona ubaya wa mambo hayo. Jackie Coogan, aliyecheza na Charlie Chaplin utotoni katika filamu ya The Kid ya mwaka 1921, alimshitaki mamake na babake wa kambo. Alikuwa amechuma mamilioni ya dola. Akaambulia kiasi cha 126,000. Mwaka 1939 California ikatunga sheria ya kulinda mapato ya watoto wasanii.

Ni katika miaka ya 1970 ndipo California ilipoweka utaratibu wa kijana mwenyewe kwenda kwa hakimu. Lakini masharti yake si mepesi. Awe ametimiza miaka 14. Awe anaishi mbali na wazazi, nao wameridhia au hawakupinga. Awe anaendesha fedha zake mwenyewe, kwa kipato cha halali. Akishakubaliwa, bado hapigi kura kabla ya miaka 18, na wazazi hawalazimiki tena kumlisha. Majimbo mengine yana masharti yao, na mengine hayana utaratibu huo kabisa. Mtoto anayeteswa nyumbani ana sheria nyingine za kumlinda, tusizichanganye.

Nilimweleza mama yule haya yote. Akanikazia macho. "Yaani akishinda kesi, chakula na kodi ya nyumba ni juu yake?"

"Ni juu yake."

Akacheka, kwa mara ya kwanza jioni ile. Kisha akajifunga mtandio wake, akasema: "Basi leo nitamwuliza alikokuwa."