Mkono wa Mnakili na Sauti ya Aliyeshindwa

Confucius hakuacha kitabu cha mkono wake. Maneno yake yalikusanywa na wafuasi, na dola ya Qin ilipoamuru vitabu vichomwe mwaka 213 KK, elimu ile iliokolewa na waliokuwa wameficha nakala au kuhifadhi matini vichwani. Mwalimu huyo tunamjua kupitia wanakili.

Pwani yetu ina kisa cha namna hiyo. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alikuwa upande wa Mazrui, ambao utawala wao uliangushwa na Seyyid Said mwaka 1837. Miaka mitatu baadaye Muyaka akafariki. Mshindi hakuwa na haja ya kuzitunza tungo zake. Zilibaki vinywani mwa watu. Mwishoni mwa karne hiyo, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kwa wazee, akaziandika kwa herufi za Kiarabu na kuzitolea maelezo. Mmisionari W. E. Taylor akazinakili kwa herufi za Kilatini, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani yake.

Kazi ya Sikujua haikuwa ya kuhamisha wino tu. Katika hati ile, herufi moja iliweza kusomwa b, p au mb. Asiyejua lahaja wala tukio lililozaa shairi angeweza kumlisha malenga maneno asiyoyatamka. Hata hivyo, jalada linamtaja Muyaka, nasi twamsahau Sikujua.

Hapa Dar es Salaam, Chuo Kikuu pale Mlimani kinahifadhi miswada ya Kiswahili iliyoorodheshwa na J. W. T. Allen katika kitabu cha mwaka 1970. Lakini wanakili wa zama zetu wako pia Temeke na Kinondoni, katika ofisi za serikali za mitaa, wakiandika mihtasari ya mikutano. Wakazi wakibishania fidia ya ardhi, kisha karani akaandika “wananchi waliridhia”, hoja ya waliopinga imezikwa siku hiyo hiyo. Mwanahistoria wa kesho atasoma maridhiano ambayo hayakuwapo.

Mtumishi wa umma unayeshika kalamu, andika na hoja iliyoshindwa. Nawe mwananchi, kabla muhtasari haujathibitishwa, dai usomwe kwa sauti.